Tanga Juu ya Bustani: Vinu vya Upepo vya Kujitengenezea na Maji ya Shambani

Mwanzoni mwa karne ya 10, Abul-Hasan al-Mas'udi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad, alivuka bahari kati ya Oman na Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanaamini kilikuwa Pemba. Aliziona pepo za msimu zikifanya kazi yao ya miaka nenda miaka rudi, kuleta vyombo na kuvirudisha. Katika kitabu alichokiandika baadaye, Muruj al-Dhahab, mtu huyohuyo anaieleza nchi nyingine ya upepo: Sistan, iliyoko leo mpakani mwa Iran na Afghanistan. Huko, anasema, upepo huzungusha vinu na kupandisha maji ya kumwagilia bustani, na hapana watu duniani wanaoutumia upepo kuwashinda wao.

Msafiri mmoja, basi, aliuona upepo ukiwa na ajira mbili. Pwani yetu iliuajiri baharini. Sistan iliuajiri shambani. Makala haya yanazilinganisha jamii zilizouajiri shambani: Waajemi wa Sistan, wakulima wa pwani ya China, Wagiriki wa Lasithi, walowezi wa Nebraska, Wadassanech wa mto Omo, na kijana mmoja wa Malawi. Ninazungumzia vinu vya kujitengenezea, yaani vile ambavyo mwenye shamba au fundi wa kijijini ameviunda kwa vitu vilivyo karibu naye. Watu hupenda kuvisifu vinu hivyo kwa ubunifu wa aliyeviunda. Mimi naona sifa hiyo imeelekezwa pasipostahili. Ukivipanga vinu hivi kimoja baada ya kingine na kuuliza kipi kiliwalisha watu kwa vizazi, utakuta ni kile ambacho jirani aliweza kukiiga na fundi wa karibu aliweza kukitengeneza kikiharibika.

Kuta za Sistan, matanga ya China

Sistan ina upepo unaojulikana kwa jina la upepo wa siku 120. Huanza Mei au Juni, huvuma kutoka upande wa kaskazini hadi Septemba, na mwelekeo wake haubadiliki sana. Kwa sababu hiyo mjenzi wa huko hakuhitaji kinu kinachogeuka kuufuata upepo. Alisimamisha mhimili wima kati ya kuta mbili za udongo, akaacha uwazi upande unakotokea upepo, kisha akaziba nusu ya uwazi huo ili mapanga yasukumwe upande mmoja tu. Mapanga yenyewe yalikuwa ya mbao au ya matete yaliyofungwa pamoja. Vinu vya kusagia nafaka vya ukoo huu bado vimesimama Nashtifan, katika eneo la Khorasan.

Sifa ya ufundi huo ilienea mapema. Wasomaji wa tarikh watakumbuka simulizi kwamba Khalifa Umar alimwuliza Abu Lu'lu'a, fundi wa Kiajemi, kama ni kweli anaweza kuunda kinu kinachozungushwa na upepo. Fundi huyo ndiye aliyemwua Khalifa mwaka 644. Hata kama simulizi imetiwa chumvi, inatuonyesha kuwa wanahistoria walioipokea waliuona ufundi wa vinu vya upepo kuwa jambo la Waajemi.

Pwani ya mashariki ya China ilikabiliwa na shida tofauti. Upepo wa huko hubadilika, na ukuta usiogeuka hauna faida. Wakulima wa mpunga wa Jiangsu na watengeneza chumvi wa ghuba ya Bohai walikopa jibu kutoka bandarini. Walisimika mhimili mrefu wima, wakauzungushia milingoti midogo, kwa kawaida minane, na juu ya kila mlingoti wakatweka tanga la jahazi la Kichina, lile lenye fito za mianzi. Kila tanga lilishikwa kwa kamba iliyopimwa. Likienda na upepo lilijaa na kusukuma. Likirudi dhidi ya upepo lilijigeuza ubavu na kupita bila kupinga. Upepo ukitoka popote, kinu kilizunguka. Chini yake magurudumu ya meno ya mbao yalivuta mnyororo wa vibao ndani ya mfereji wa mbao uliolala mshazari, na vibao vikayakokota maji hadi shambani. Kimo cha kupandisha kilikuwa kidogo, mita moja hivi. Mpunga na chumvi vinataka maji mengi, nayo yalikuwa mlangoni.

Tofauti ya mashine hizi mbili ni kubwa, lakini asili yake inafanana. Kinu cha Sistan ni kazi ya waashi wa udongo. Mtu aliyejua kujenga ukuta wa nyumba alijua pia kujenga ukuta wa kinu. Kinu cha Jiangsu ni kazi ya wanamaji. Aliyejua kushona, kutweka na kutua tanga alijua kukihudumia. Hapana mahali kati ya hapo pawili ambapo mkulima alilazimika kumngoja mtaalamu wa vinu. Mtaalamu alikwishakuwapo, akiishi kwa kazi nyingine.

Dhoruba huitenganisha mila moja na nyingine vizuri zaidi kuliko siku ya upepo wa wastani. Mchina alitua matanga, kama anavyofanya baharia. Msistani hakuwa na tanga la kutua, na ulinzi wake ulikuwa uzito wa kuta na kuuziba uwazi. Swali hili la nini kinafanyika upepo ukizidi tutalirudia, kwa sababu kinu kisichokuwa na jibu lake hakifikishi mwaka wa tatu.

Lasithi na Nebraska: mfano mmoja, mifano mia

Katika kisiwa cha Krete kuna uwanda wa Lasithi, takriban mita 840 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima. Uwanda huo hupokea maji ya milima hiyo, hivyo visima vyake ni vifupi. Kiangazi cha huko hakina mvua, na ndicho kipindi ambacho meltemi, upepo wa kaskazini, huvuma kwa nguvu. Wakati mazao yana kiu, upepo upo. Bahati ya namna hiyo ni nadra, nayo ilitumiwa ipasavyo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wa Lasithi walisimamisha vinu vya kumwagilia viazi na mboga, na hesabu inayotajwa mara nyingi kwa kilele cha katikati ya karne ya 20 ni takriban vinu 10,000.

Kinu chenyewe ni chepesi. Mnara mwembamba wa vyuma, mhimili uliopindwa ili mzunguko ugeuke kuwa mwendo wa juu na chini wa pistoni, fito zinazotoka katikati kama miale, na juu ya kila fito tanga la pembetatu la kitambaa cheupe. Upepo ukiwa dhaifu mkulima hulifungua tanga lote. Ukikaza, hulisokota kwenye fito yake mizunguko kadhaa na kupunguza eneo. Kitambaa kikichanika hushonwa nyumbani. Kipande cha chuma kikivunjika, mhunzi wa kijijini anacho kingine kama hicho, kwa sababu kinu cha jirani ni kilekile, na cha jirani wa jirani pia.

Wakati huohuo, ng'ambo ya Atlantiki, walowezi waliopewa ardhi chini ya sheria ya mwaka 1862 walikuwa wakihangaika na ukame wa nyika za Marekani. Mwaka 1894 mazao ya Nebraska yaliungua. Viwanda vilikuwa vikiuza vinu vya chuma, lakini fedha hazikuwapo. Profesa wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Erwin Barbour, alivichunguza vinu ambavyo wakulima walijitengenezea wenyewe, hasa katika bonde la mto Platte ambako maji ya ardhini yako karibu, na mwaka 1899 alichapisha maelezo na picha zake. Kitabu chake ni ghala la werevu. Kuna kinu kilichoitwa Jumbo: gurudumu pana la makasia, mfano wa lile la meli ya mvuke, limelazwa ndani ya sanduku la mbao linaloficha nusu yake ya chini ili upepo upige nusu ya juu peke yake. Kwa kuwa pepo kuu za huko hutoka kaskazini au kusini, Jumbo lilitegwa kuzikabili na kuachwa hapo. Kuna vinu vyenye mapanga yenye umbo la shoka la vita. Kuna vilivyozunguka juu ya mhimili wima kama vya Sistan, ingawa waliovijenga huenda hawakuwahi kuisikia Sistan. Vifaa vilikuwa ekseli za magari mabovu ya farasi, magurudumu ya mashine za kuvunia zilizochoka, mbao za masanduku ya bidhaa na waya wa uzio.

Barbour alivipenda, na ni rahisi kuona kwa nini. Hata hivyo, linganisha hatima. Vinu vya Lasithi viliendelea kufanya kazi hadi injini za mafuta zilipoanza kuvisukuma kando baada ya Vita Kuu ya Pili. Vile vya Nebraska viling'ara kwa muda mfupi, kisha bei za viwandani zikashuka na vikaachwa kuoza. Mlowezi wa Nebraska alikuwa hodari kuliko mkulima wa Lasithi kwa kubuni, kwa maana kila mmoja alibuni chake. Ndiyo sababu hasa ufundi wake haukurithiwa. Kinu cha mtu mmoja kina fundi mmoja. Akihama au akifa, mashine inakuwa mzigo wa vyuma. Lasithi ilikuwa na mfano mmoja ulionakiliwa maelfu ya mara, na kila nakala ilikuwa duka la vipuri kwa nakala nyingine.

Kiwanda kinapoingia

Haki inataka tuseme pia kwa nini kinu cha kiwandani kilishinda. Daniel Halladay wa Connecticut alikuwa ametengeneza mwaka 1854 kinu kinachojipunguza chenyewe upepo ukizidi, bila mtu kukigusa. Mwaka 1888 ikaja Aermotor, yenye mapanga ya chuma yaliyopindwa baada ya maelfu ya majaribio ya Thomas Perry, na ikauzwa katika nyika zote. Mfugaji aliyekuwa na kisima maili nyingi kutoka nyumbani alihitaji mashine inayojilinda usiku wa dhoruba. Hilo kinu cha tanga hakikuliweza. Kinamtaka mtu karibu. Kuanzia mwaka 1936, sheria ya kusambaza umeme vijijini nayo ikaanza kuvikata miguu hata hivyo vya kiwandani.

Afrika Mashariki ina tawi lake la historia hiyo. Thika, nchini Kenya, karakana moja ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuunda kinu cha chuma cha kuvutia maji kilichoitwa Kijito, kutokana na usanifu wa kikundi cha Uingereza cha teknolojia ya kadiri. Ni mashine imara, imechomelewa hapahapa, na mkia wake hukiondoa kinu kwenye upepo ukizidi. Imevuta maji katika visima virefu vya nchi kavu kwa miaka mingi. Lakini bei yake ilizidi mfuko wa mkulima mdogo, na wanunuzi wake wakawa hasa mashirika, misheni na ranchi. Kijito kilitengenezwa nyumbani kwa maana ya taifa. Kwa maana ya kaya, kilibaki cha kiwandani.

Omo na Wimbe

Kabla ya Kijito, kikundi hichohicho cha Uingereza kilikuwa kimejifunza kwenye mto Omo, kusini mwa Ethiopia. Wadassanech wa huko, wafugaji na wakulima, walizoea kupanda mtama kwenye kingo zilizolowanishwa na mafuriko ya kila mwaka. Mafuriko yakiwa madogo, njaa. Misheni ya Presbiteri kutoka Marekani ilijaribu kuyapandisha maji ya mto kwa upepo. Ilianza na vinu vya Kimarekani, vikaonekana ghali, ndipo ikageukia umbo la Krete: fito, kitambaa, mhimili wa kupinda, vyote vikitengenezwa katika karakana ndogo ya hapohapo. Mhandisi Peter Fraenkel alichapisha taarifa ya kazi hiyo mwaka 1975.

Tazama jinsi umbo lilivyosafiri na mila ikabaki nyuma. Kinu cha Lasithi kilifika Omo kikiwa kamili kwa vipimo, lakini mhunzi wa kijijini hakuja nacho, wala duka la kitambaa, wala jirani mwenye kinu kama hicho. Vyuma na vitambaa vilitoka mbali, na karakana ilikuwa ya misheni. Jua la Omo hula kitambaa haraka. Katika Lasithi kushona tanga ni kazi ya jioni. Kwa Mdassanech ilikuwa safari ya kwenda kwa mwenye mradi. Upepo ulikuwapo, maji yalikuwapo mita chache chini ya ukingo, na haja ilikuwapo. Kilichokosekana ni ule ufundi wa awali ambao Mchina aliupata bandarini na Mkrete kwa mhunzi wake.

Haja hiyo imeongezeka tangu hapo. Bwawa la Gibe III lilianza kujazwa mwaka 2015, na mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa msingi wa kilimo cha kingo yakakatwa. Mto huohuo unaingia ziwa Turkana, na upande wa Kenya, karibu na Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo inazalisha umeme wa hadi megawati 310 unaosafirishwa kwenda gridi ya taifa. Upepo wa bonde moja umefanya kazi kwa kitambaa cha misheni na kwa chuma cha mabilioni. Kati ya ncha hizo mbili, mkulima wa kingo hana kinu chake.

Halafu yuko William Kamkwamba. Njaa ya Malawi ya mwaka 2001 na 2002 ilimkuta akiwa na umri wa miaka 14 katika eneo la Wimbe, wilaya ya Kasungu. Karo ikakosekana, akaacha shule, akajisomea katika maktaba ndogo ya shule ya msingi kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati. Akaunda kinu kwa feni ya trekta, kifyonza mshtuko, fremu na dinamo ya baiskeli, na mapanga ya bomba la plastiki lililolainishwa kwa moto na kunyooshwa, juu ya mnara wa magogo ya mkaratusi. Mwaka 2007 aliisimulia dunia habari hiyo akiwa jukwaani Arusha, na mwaka 2019 ikawa filamu.

Filamu inamaliza kwa maji kutiririka shambani. Maisha yalikuwa na mpangilio mwingine. Kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa na redio. Kupandisha maji ili familia ivune mara mbili kwa mwaka kulikuwa shabaha yake tangu mwanzo, na kulitimia baadaye, baada ya misaada kufika. Na maji ya kunywa ya kijiji yalipandishwa kwa pampu ya umeme wa jua. Silitaji hili kumpunguzia sifa. Ni ushahidi bora wa ugumu wenyewe: taa ndogo hutosheka na wati chache, ilhali maji ni mzigo, na mzigo hauna huruma kwa kipaji.

Kwa macho ya mlinganishi, Kamkwamba ni ndugu wa walowezi wa Nebraska. Alikusanya chakavu, akabuni, akashangaza. Lakini kuna jambo moja ambalo wasifu wake huliruka. Baiskeli ipo katika kila kijiji cha Malawi, kama ilivyo Singida, Kigoma na Busia, na kila penye baiskeli pana fundi wa baiskeli. Mnyororo, bolbearing, rimu, spoki na dinamo ni vitu ambavyo mtu wa kijijini anajua kuvifungua na kuvifunga. Kwa hiyo alichokigusa Kamkwamba, bila shaka kwa kulazimika, ni ule ufundi uliokwishakuwapo. Yaliyobaki ni kazi ya kunakili, na hiyo si kazi ya mtu mmoja.

Mbona sisi hatukuwa na vinu?

Hapa mtu atauliza: pwani yenye kaskazi na kusi, yenye washonaji wa matanga na waunda majahazi, mbona haikuacha mila ya vinu vya kumwagilia? Wengine watajibu kwa methali, penye miti hapana wajenzi. Jibu hilo ni la kujidharau, nalo si la kweli. Wajenzi walikuwapo, walijenga kitu kingine.

Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifongo, mifereji inayoyachukua maji ya korongo juu mlimani na kuyaongoza kwa mteremko mdogo sana hadi migombani. Wamarakwet wa Kenya walifanya hivyo kwenye ukingo mkali wa bonde la Kerio, wakipitisha maji juu ya mwamba. Magofu ya Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yanaonyesha mashamba ya mawe yaliyomwagiliwa kwa mifereji karne kadhaa zilizopita. Ng'ambo, Oman nayo iliyaleta maji bustanini kwa aflaj, mifereji inayoanzia chini ya ardhi. Katika mila hizi zote maji yanashuka. Mwenye mlima juu yake hana sababu ya kuyapandisha maji, na akili yake yote huenda kwenye kuyaongoza na kuyagawa.

Tena mfongo una kitu ambacho kinu hakina: una watu wake. Una msimamizi, una zamu, una siku ya kuzibua ambayo kila mwenye shamba hutoka na jembe, na asiyetoka huadhibiwa. Kinu cha upepo, Lasithi na Nebraska, kilikuwa mali ya kaya moja. Miradi mingi ya Afrika ilikichukua kinu cha kaya moja ikakikabidhi kwa kijiji kizima bila zamu wala msimamizi, kisha ikashangaa kwamba mali ya wote imekuwa yatima. Kwa jambo hili hatuhitaji kujifunza Krete. Wazee wa mfongo wanatosha kuwa walimu.

Hesabu inayoamua

Sasa tuingie kwenye tarakimu, maana ndizo zinazomlinda mkulima dhidi ya shauku. Hekta moja ya mboga katika nchi ya joto, ikinywa milimita 5 kwa siku, inahitaji mita za ujazo 50. Kuzipandisha kimo cha mita 5 ni kazi ya wastani wa wati 28 usiku na mchana. Hicho ni kiasi kidogo cha kushangaza. Kwa kanuni ya haraka inayotumiwa na wahandisi wa vinu vya maji, unachukua eneo la duara la mapanga kwa mita za mraba, unazidisha kwa kasi ya upepo mara tatu kwa nafsi yake, kisha unagawanya kwa 10. Kinu chenye kipenyo cha mita 4 katika upepo wa wastani wa mita 3 kwa sekunde hutoa wati 34 hivi. Kinatosha hekta hiyo.

Lakini badilisha kimo. Maji yakiwa mita 20 chini, kinu kilekile kitamwagilia chini ya theluthi moja ya hekta. Yakiwa mita 40, utabaki na bustani ya jikoni. Badilisha na upepo: kasi ikipanda kutoka mita 3 hadi 6, nguvu inazidi mara nane, ikishuka hadi mita 2, inabaki chini ya theluthi moja. Kwa hiyo mnara uliowekwa nyuma ya miembe ni mnara uliotupwa. Ndiyo maana mila zote tulizozipitia ambazo zilidumu zimeota palepale: maji ya karibu, uwanda wazi, na upepo unaokuja kiangazini.

Hesabu hiyo inahitaji na birika. Maji ya kinu huja kidogokidogo, na ukiyafungulia mfereji moja kwa moja, hunywewa na udongo kabla hayajafika mwisho wa tuta. Wakulima wa Kansas wa miaka ya 1890 walilijua hilo. Walichimba vidimbwi, wakakiacha kinu kijaze usiku na mchana, kisha wakafungua maji yote kwa mkupuo. Anayepanga bajeti ya kinu pasipo birika amepanga nusu ya mradi.

Na jua je? Pampu ya umeme wa jua imekuwa nafuu kiasi kwamba mahali pengi hoja ya kinu imekwisha. Haina kitu kinachozunguka juu ya mnara, haimtaki mtu apande na spana, na jua huwaka zaidi siku ambayo mmea una kiu. Mkulima wa Morogoro au wa Machakos mwenye fedha za kununua kimoja tu anunue paneli. Kinu cha kujitengenezea kinabaki na hoja mahali pachache: penye upepo wa kuaminika kama Singida, Makambako na ukanda wa Turkana, penye maji yasiyozidi mita sita au saba, penye mwizi wa paneli, na hasa penye mchomeleaji na fundi baiskeli lakini fedha taslimu hakuna. Hapo pampu ya kufaa ni ile ya kamba na vishikizo vya mpira, ambayo mafundi wa Njombe wamekuwa wakiitengeneza, na ambayo huko Nicaragua iliunganishwa na kinu cha upepo tangu miaka ya 1990. Kamba ikikatika, unanunua kamba.

Hukumu

Ulinganisho huu unanifikisha kwenye hukumu moja. Kwa uzuri wa mashine, China iko mbele. Kwa werevu wa mtu mmoja mmoja, Nebraska na Wimbe. Kwa kulisha watu, Lasithi inawashinda wote, na iliwashinda kwa mashine ya kawaida kabisa ambayo hakuna anayekumbuka sherehe ya kuizindua. Mila ya kilimo hujengwa na nakala. Tuzo, filamu na mashindano ya wabunifu havijaleta birika moja la maji kwa mkulima wa pili.

Vyuo vyetu vya ufundi, kama vinataka kuisaidia Singida au Turkana, visianze kwa kutafuta Kamkwamba mwingine. Vipime upepo wa mahali kwa mwaka mzima na kina cha maji kwa kamba. Vichague mchoro mmoja wa kinu, wenye tanga linalokunjika au mkia unaokimbia dhoruba, kwa kutumia vyuma ambavyo duka la vipuri vya baiskeli linauza. Viwafundishe wachomeleaji kumi wa wilaya moja mchoro huohuo, vipimo vilevile, bolti zilezile. Vimtafute mzee wa mfongo aje kufundisha zamu. Kinu cha kumi kikishajengwa na mtu ambaye hakuwahi kuhudhuria mafunzo, aliyekiona kwa jirani tu, hapo ndipo tuseme kwamba Afrika Mashariki ina mila ya vinu vya maji.